Tuchange Kabla ya Masika



Madogo na mji wa Garissa hutazamana, na katikati yake unapita Mto Tana. Upande wa Madogo ni Kaunti ya Tana River. Ukivuka, umeingia Kaunti ya Garissa. Siku za kawaida mtu hulala upande huu na riziki yake akaitafuta upande ule, wala haimjii akilini kwamba amevuka mpaka. Mvua za masika za mwaka 2024 zilipozidi, maji yaliifunika barabara, magari yakakwama, na watu wakaanza kuvushwa kwa boti. Tarehe 28 Aprili, pale Kona Punda, boti iliyojaa abiria ikapinduka. Wako waliokufa maji, na wako zaidi ya ishirini waliookolewa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilikuwa miongoni mwa waliokuwa majini siku hiyo.

Sasa nisaidie kujibu swali hili. Boti ya uokoaji hununuliwa na nani? Mafuta yake hulipwa na kaunti gani, ikiwa abiria ametoka kaunti moja na anakwenda nyingine? Hema atakalolala mama aliyeponea chupuchupu limetoka katika bajeti ipi? Mara nyingi jibu ni kwamba halikutoka katika bajeti yoyote ya kaunti. Limetoka kwa wahisani, wengine wetu wenyewe, wengine watu wa nchi za mbali ambao Madogo hawajapata kuisikia.

Mimi naamini mambo hayafai kuendelea hivi. Naamini kaunti zetu zinapaswa kuchangia kila mwaka, kwa kiwango kilichokubaliwa, na kabla mvua hazijaanza, ili Shirika la Msalaba Mwekundu liweze kufanya kazi ambayo kisheria ni ya kaunti zenyewe.

Nasema ni yao kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 imesema hivyo. Fungua Jedwali la Nne, lile linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Udhibiti wa majanga umeandikwa pande zote mbili. Katika orodha ya kaunti umewekwa pamoja na huduma za kuzima moto. Kwa hiyo gavana anayepeleka unga kambini wakati wa mafuriko hatoi sadaka. Anatimiza wajibu aliopewa na Katiba, na mwananchi anayepokea unga huo anapokea haki yake.

Na Msalaba Mwekundu ni nani? Si chama cha juzi. Zamani kilikuwa tawi la Msalaba Mwekundu wa Uingereza, kisha tarehe 21 Desemba 1965 Bunge la Kenya likakifanya shirika la Kenya kwa sheria, Sura ya 256. Shirika la Msalaba Mwekundu katika nchi yoyote huwa msaidizi wa serikali katika kazi ya kuokoa na kutunza watu, ila lina uhuru wake wa kuamua. Nguvu yake kubwa ni wale vijana na akina mama wa kujitolea waliomo vijijini. Wao wanajua njia ipi hufunga kwanza, wanamjua mzee asiyeweza kutembea, wanajua ni nyumba gani ina watoto wachanga. Maji yakifika, wao tayari wako pale, maana pale ndipo kwao.

Lakini moyo wa kujitolea haujazi tangi la boti. Kijana huyo anahitaji jaketi la kuelea, mafunzo, simu yenye salio, na ghala la karibu lenye maturubai, mablanketi, ndoo na dawa ya kutibu maji. Vitu hivi havipatikani kwa usiku mmoja. Ghala likiwa tupu mwezi wa pili, litakuwa tupu mwezi wa nne, na hapo hata shilingi milioni mia haziwezi kulipita daraja lililokatika. Watu wa Kilifi mnalijua hili. Novemba 2023, mvua za El Niño zililichukua daraja la Mbogolo, na njia kuu ya Mombasa na Malindi ikakatika.

Turudi kwenye Mto Tana, kwa sababu mto huu unatufundisha kwa nini gharama hizi haziwezi kubebwa na kaunti moja peke yake. Maji yake huteremka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Huko juu ni Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Embu. Kisha yanaingia katika mabwawa ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa haya yanatufaa sana. Huzuia maji mengi ambayo yangeshuka kwa fujo, na umeme wake unawasha taa za Nairobi na Mombasa. Lakini mvua zikiendelea hadi yakajaa, maji humwagika, na yakimwagika hayana pengine pa kwenda ila chini: Garissa, Hola, Garsen, mpaka baharini Kipini. Inaweza kutokea jua likawa linawaka Garsen, hakuna wingu hata moja, na mto unapanda. Mvua imenyesha kwa wengine, mafuriko yakaja kwa Mpokomo mwenye shamba la mpunga na kwa Muorma mwenye ng'ombe.

Aliye juu amepata maji ya shamba lake. Aliye Nairobi na Mombasa amepata umeme. Aliye chini amepata umeme kidogo au hakuupata kabisa, na mafuriko ameyapata yote. Sasa tunaiambia kaunti yake igharamie boti, mahema, na kipindupindu kitakachofuata. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni mwepesi kwa anayeutazama tu. Mimi nasema aliyepata faida ya mto na achangie gharama ya mto.

Hivi sasa tunafanyaje? Tunasubiri janga, kisha tunapiga harambee. Na Wakenya hawajawahi kuwa wachoyo. Mwaka 2011, ukame ulipowakausha watu wa Turkana na kaskazini, mchango ulioitwa Kenyans for Kenya uliwekewa lengo la shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja, na wananchi wakalivuka. Watoto wa shule walitoa, wafanyakazi wakatoa, wengine wakatuma shilingi kumi kumi kwa simu, na Msalaba Mwekundu ndio uliopewa amana ya fedha zile. Ulikuwa wakati wa fahari kwa nchi hii.

Ila harambee ina kasoro mbili. Ya kwanza, huja baada ya picha za watu waliokonda kuonekana kwenye televisheni, yaani baada ya mateso kukomaa. Ya pili, hufuata hisia. Janga lenye picha kali hupata fedha. Janga la polepole, la kijiji kisicho na barabara wala mwandishi wa habari, halipati kitu. Na wale wahisani wa nje tuliozoea kuwategemea nao wana mambo yao. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mashirika mengi ya kibinadamu duniani yalifunga ofisi na kuwarudisha watu nyumbani. Mvua za mwaka ule hazikusubiri Washington ibadili mawazo.

Watu wa kawaida walikwisha kulitatua tatizo hili zamani. Nani kati yetu hakijui chama cha kufa na kuzikana? Kila mwezi kila mtu anatoa kiasi chake, mwenye afya na mgonjwa, kijana na mzee. Katibu anaandika, mweka hazina anatunza. Siku msiba unapomfika mmoja wao, mjane hapiti nyumba hadi nyumba akiomba. Sanda ipo, gari lipo, chakula cha wageni kipo. Hakuna anayemwuliza, "Mbona unakufiwa mara ya pili mwaka huu na mimi sijafiwa?" Asiyefiwa anashukuru Mungu na anaendelea kutoa. Chama hiki kina heshima kwa sababu fedha zilitangulia msiba. Ikiwa wauza samaki na waendesha bodaboda wanaweza kuendesha utaratibu huu, magavana 47 wenye wanasheria na wachumi wanashindwaje?

Na wako walioufanya kwa ngazi ya serikali. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani, na watu zaidi ya 6,400 wakafa. Michango ilikusanywa kwa wingi, lakini waliopoteza nyumba walikuwa wengi mno, na kila mmoja akapata kidogo. Serikali nayo ilishikilia kwamba nyumba ya mtu ni mali yake binafsi, hivyo kuijenga upya ni juu yake. Waathiriwa hawakukubali. Waliandamana, wakakusanya sahihi, na mwandishi Oda Makoto alikuwa mmoja wa waliopaza sauti kwa nguvu. Mwaka 1998 sheria ikapitishwa. Mikoa yote ya Japani, iliyopigwa na isiyopigwa, ikachanga katika mfuko mmoja unaosimamiwa kwa niaba yao na taasisi moja isiyo ya biashara. Janga likitokea popote, aliyebomokewa na nyumba hulipwa, nusu kutoka mfuko huo wa mikoa na nusu kutoka serikali kuu. Mwanzoni kiwango cha juu kilikuwa yeni milioni 1 kwa kaya, na mwaka 2004 kikapandishwa hadi milioni 3.

Unajua Japani ina mikoa mingapi? 47. Idadi ile ile ya kaunti zetu.

Ufilipino nako, nchi ya visiwa inayopigwa na tufani mwaka baada ya mwaka, sheria ya mwaka 2010 inaitaka kila serikali ya mtaa itenge si chini ya asilimia 5 ya mapato yake ya kawaida kwa ajili ya majanga. Sehemu ya 30 katika kila mia ya fedha hizo huwekwa tayari kwa uokoaji wa haraka, na zinazobaki ni za kujiandaa. Tena sheria hiyo inaruhusu fedha za mji mmoja zipelekwe kusaidia mji mwingine uliotangazwa kuwa katika hali ya maafa.

Sisi tunazuiwa na nini? Sheria haituzuii. Ibara ya 189 ya Katiba inaziambia kaunti zishirikiane, na inaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na mfuko wa dharura, ikiweka mpaka kwamba malipo ya mwaka kutoka mfuko huo yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti. Jumuiya za kaunti nazo zipo tayari. Hapa kwetu kuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Wakubwa hawa hukutana na hutia sahihi makubaliano. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika bajeti ya kila mmoja wao.

Tupige hesabu, na tuwe wapole katika kudai. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, kaunti 47 ziligawiwa mgao wa shilingi bilioni 385.4. Tuseme kila kaunti itoe senti 10 katika kila shilingi 100 za mgao wake. Senti 10 tu. Lamu, iliyopata kama shilingi bilioni 3, ingetoa kama milioni 3. Nairobi, iliyopata kama bilioni 20, ingetoa milioni 20. Mwenye kikubwa anatoa kikubwa, mwenye kidogo anatoa kidogo, hakuna anayeaibika. Kaunti sita za Pwani pekee zingekusanya zaidi ya milioni 40. Nchi nzima ingefikisha milioni 385 kila mwaka, bila kamera, bila kupiga magoti. Hizo ni fedha za boti, maghala, mafunzo na mahema, zikiwa zimekwisha kuwekwa mahali pake kabla tone la kwanza halijadondoka.

Najua kuna mwenye kusema: hospitali yetu haina dawa, unataka tuwape wengine fedha? Ndugu yangu, uchungu wako naujua na una haki. Lakini jiulize hospitali hiyo huelemewa lini. Vyoo vinapofurika na visima vikaingia uchafu, kipindupindu huanza, na wodi isiyo na dawa ndiyo hupokea wagonjwa wa kijiji kizima. Kumpa mtu ndoo safi na dawa ya maji wiki ya kwanza ni rahisi kuliko kumtundikia dripu wiki ya tatu.

Mwingine atasema: kwetu hakuna mto, hakuna mafuriko. Nakumbusha mawili. Mei 2018, bwawa la mtu binafsi lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, na watu 48 wakafa usiku. Na hapa Kilifi, Aprili 2023, tuliamka na habari za Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Hakuna kaunti iliyokuwa imeandika janga la namna hiyo katika mipango yake. Jamaa walipofika Malindi kutafuta watoto wao, dada zao, wazazi wao, walikuta dawati la Msalaba Mwekundu la kuandikisha waliopotea, na watu wa kukaa nao katika majonzi. Kaunti isiyo na mto bado ina watu, na palipo na watu msiba haukosi njia.

Wa tatu atasema neno zito zaidi: fedha zitaliwa. Hapa simbishii mtu. Tumeona magunia ya msaada yakiuzwa dukani. Tumeona unga ukipigwa chapa ya sura ya mwanasiasa. Kwa hiyo mchango huu lazima uwe na masharti, nami ninayo manne.

La kwanza, pawe na mkataba ulioandikwa, unaosema kaunti inatoa kiasi gani, tarehe gani, na inatarajia nini. Jambo hili si geni. Kaunti kadhaa zimewahi kukodi ambulensi kutoka E-Plus, kampuni iliyo mali ya Msalaba Mwekundu, na kuilipa kwa mkataba. Penye mkataba, mkaguzi ana pa kuanzia.

La pili, fedha zikae katika akaunti ya peke yake, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aikague kila mwaka, upande wa kaunti na upande wa Shirika pia. Shirika la heri halina kinga dhidi ya maswali. Anayebeba amana ya maskini ndiye anayepaswa kuulizwa zaidi.

La tatu, orodha ya vilivyomo ghalani ibandikwe ukutani pale wadi: mahema mangapi, boti ngapi, mablanketi mangapi. Mama wa kijijini asome, au asomewe na mwanawe, na siku ya janga ajue vilivyopaswa kumfikia.

La nne, na hili ndilo ningelishikilia hata kama mengine yangekataliwa: atakayeamua nani asaidiwe kwanza awe Msalaba Mwekundu kwa kutazama hali ya mtu, na gavana wala mwakilishi wa wadi asipeleke orodha yake. Shirika hili linaongozwa na misingi saba iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, na miongoni mwake ni kutopendelea na kutoegemea upande. Kwetu hayo yana uzito wa maisha na kifo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi ilipowaka baada ya uchaguzi, wengi wa waliofukuzwa makwao waliingia kambi zilizosimamiwa na Msalaba Mwekundu, uliohitaji kuaminiwa na pande zote. Mwaka 2012 damu ilimwagika katika delta ya Tana kati ya Wapokomo na Waorma, vijiji vikachomwa, na watu zaidi ya mia wakafa. Katika ardhi kama hiyo, mgawaji wa chakula akishukiwa kuwa na kabila, chakula chenyewe kitaleta vita. Kaunti ikilipa ili imiliki, itakuwa imeua kile inachokilipia.

Msikilizaji, nimesema mengi juu ya magavana, lakini kuna kazi iliyo mikononi mwako. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Makadirio ya bajeti yanapaswa kuwa mbele ya bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili. Itazame tarehe hiyo vizuri. Boti ya Kona Punda ilipinduka tarehe 28 Aprili. Siku iliyofuata, tarehe 29, maji yalishuka Mai Mahiu usiku na kuvibeba vitongoji vikiwa vimelala. Masika yale yaliua zaidi ya watu 280 nchi nzima. Wakati miili inatafutwa, vitabu vya bajeti vilikuwa vinapelekwa bungeni. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema wakati wa kupanga fedha ulikuwa mbali na wakati wa msiba.

Sheria inataka wananchi washirikishwe kabla bajeti haijapitishwa. Tangazo litabandikwa, kikao kitaitwa ukumbini au chini ya mwembe, na wengi wetu tutasema hatuna nafasi. Nakusihi uende. Wakati watu wanauliza barabara na zahanati, ambavyo ni haki kuuliza, nyanyua mkono nawe uulize hivi: "Mheshimiwa, mchango wa kaunti yetu kwa uokoaji wa pamoja umeandikwa ukurasa gani, ni shilingi ngapi, na zitatoka lini?" Akikujibu kwamba haumo, mwambie aandike jina lako katika kumbukumbu za kikao kuwa umetaka uwemo. Kisha mwambie jirani yako naye aulize, na ndugu yako wa kaunti ya pili aulize kwao. Swali moja likiulizwa katika kaunti sita za Pwani, mwaka mmoja, litafika mezani kwa Jumuiya likiwa limekomaa.

Mimi nitakuwa kikaoni kwetu nikiuliza. Mungu awalinde wote waishio kandokando ya maji.